Reli Inayong'aa Bila Treni

Tangu maiti ya Mwalimu Aksel Bundgaard iokotwe, ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Ulilala juu ya mashamba ya viazisukari, ukajipenyeza hadi ndani ya kituo cha Ravnkær ambako treni ya mwisho ilipita miaka kumi na mitano nyuma, na kila nguzo iliyo mbali kidogo ikaonekana kama mtu aliyesimama akitazama.

Inspekta Birthe Lomholt alijikuta akigeuka nyuma mara kwa mara. Alipogeuka tena akaona Sajini Overby anamchungulia, akajifanya anafunga vifungo vya koti.

"Unatafuta nini, mkuu?" aliuliza Mads Overby. Alikuwa polisi wa sehemu zile, mnene, mpole, mkononi ana kipande cha mkate mweusi uliopakwa maini.

"Matope."

"Matope? Hapa si ndiyo yamejaa!"

"Ndiyo maana nauliza. Tazama viatu vyako. Tazama vyangu. Mvua imepiga wiki nzima kabla ya ukungu huu. Viatu vya mwalimu vilikuwaje?"

Overby aliacha kutafuna. "Visafi."

"Na baiskeli yake?"

"Imeegemezwa ukutani vizuri tu. Magurudumu..." Akameza mkate kwa shida. "Safi vilevile. Mungu wangu. Hakuja hapa na baiskeli."

"Hakuja hapa kwa miguu yake wala kwa baiskeli yake. Alipigwa kwa nyuma na kitu kizito mahali pengine, akaletwa hapa akalazwa chini ya jukwaa ili tuseme mzee kateleza. Na suruali yake ina grisi nyeusi. Mwalimu mstaafu anayeandika kitabu grisi ameipata wapi?"

"Kwa Karlo," alisema Overby bila kufikiri mara mbili. "Nilikwambia tangu jana tumkamate Karlo."

Karlo Munk mwenyewe alitokeza ukunguni kama aliyeitwa, kofia imeshuka mpaka nyusi. Ndiye mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuwa akiing'oa reli ile kipande kwa kipande, kuanzia mjini Lemvad.

"Nasikia mnanitafuta, bi mkubwa. Sijajificha."

"Uligombana na mwalimu," alisema Birthe.

"Nani hakugombana naye? Mimi nimenunua chuma changu kihalali, yeye anakuja na suruali yake ya kitambaa, anajilaza relini kama mtoto aliyenyimwa peremende! Ati nisubiri kwanza amalize historia ya reli. Historia gani? Reli iliyobeba nguruwe na maziwa na viazi! Wakulima waliijenga wenyewe, malori yakaja, ikafa. Basi."

"Ulimwambia utamng'oa pamoja na mataruma ya reli."

"Hasira tu zile. Mke wangu namwambia mabaya kuliko hayo kila Jumapili."

"Na bado yu hai?" aliuliza Overby.

"Yu hai, na mbona ananipiga."

Birthe hakucheka. "Kiberenge chako kiko wapi?"

"Kigari changu cha relini? Kiko Lemvad, juu ya lori. Hapa nikitembeze juu ya nini?" Karlo alinyoosha mkono. Kweli, upande wa Lemvad kulikuwa na kokoto tupu na alama za mataruma yaliyong'olewa. Reli zilizosalia zilianzia palepale jukwaani, zikaelekea upande wa pili, kwenye kijiji cha Hvolby, zikamezwa na ukungu.

Birthe alichuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa reli. Kikatoka chekundu kwa kutu. Akakipitisha juu, pale gurudumu linapokanyaga. Kikatoka kisafi. Utepe mwembamba wa chuma ulikuwa uking'aa kama kisu kilichonolewa.

"Karlo. Reli isiyopitiwa hukaa muda gani bila kushika kutu?"

"Mvua moja tu inatosha."

"Basi kitu kimepita hapa baada ya mvua kukatika, yaani siku aliyokufa mwalimu. Kwako hakiwezi kuwa kimetoka, maana kwako hakuna reli. Kimetoka upande ule."

Wote watatu walitazama upande ule. Karlo alishusha sauti.

"Bi mkubwa, nikuambie kitu usinicheke. Vijana wangu wawili wameniachia kazi. Wanasema jioni wakifungasha vyombo wanasikia magurudumu gizani. Yanakuja taratibu, yanasimama, kisha yanarudi. Niliwatukana. Halafu wiki iliyopita nikayasikia mwenyewe." Alipangusa midomo. "Kama ni mimi niliyemuua, ningekuwa nimelala gerezani usingizi mtamu kuliko huu ninaolala sasa."

"Upande wa Hvolby nani ana kiberenge?" Birthe alimwuliza Overby walipokuwa wakirudi garini.

"Hakuna. Labda kile cha mzee Skyum, lakini hicho ni cha maonyesho. Kiangazi huwa anawapandisha watoto. Sasa hivi amekifungia bandani."

"Skyum ni nani?"

"Thorvald Skyum? Mkuu, huyo ni mtu wetu wa kujivunia! Alikuwa karani wa simu kwenye stesheni ya Hvolby wakati wa vita. Mmoja wa wale waliosafirisha vijana wa upinzani kwa siri, Wajerumani wakiwa wamejaa hapa. Kila mwezi wa tano yeye ndiye anayeweka maua hapo Ravnkær, kuwakumbuka wale vijana watatu waliokamatwa treni iliposimama. Mwalimu alikuwa akienda kwake kila mara kuuliza habari za kale."

Birthe aligeuka kuitazama reli mara ya mwisho. Aliingia garini akafunga mlango wa upande wake kwa komeo.

*

Kati ya Ravnkær na Hvolby kulikuwa na nyumba moja tu kandokando ya reli, nyumba ya geti, ambako zamani aliishi mlinzi wa kufunga barabara treni ikipita. Sasa aliishi binti yake, Dagny Krogh, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye hakuolewa. Walibisha muda mrefu. Walisikia komeo la kwanza likivutwa, la pili, kisha mnyororo.

"Nyoosheni vitambulisho," ilisema sauti. "Vyote viwili."

"Dagny, ni mimi Mads! Unanijua tangu nikiwa mtoto!"

"Nimesema vyote viwili."

Jikoni kahawa ilikuwa motoni, lakini mapazia yote ya upande wa reli yalikuwa yamefungwa kwa pini. Dagny aliwamiminia vikombe.

"Bi Dagny," Birthe alianza kwa upole, "unasikia magurudumu?"

Dagny alirudisha birika motoni. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza. Wengine wangesema nimezeeka."

"Tangu lini?"

"Tangu majani yaanze kuanguka. Yanakuja jioni, yanasimama mbele ya dirisha langu. Hakuna anayeteremka. Hakuna anayebisha. Kitu kinakaa pale tu, kinapumua, halafu kinaondoka."

"Umeona ni nani?"

"Sijafunua pazia."

"Mwalimu Bundgaard alikuwa akija hapa?"

"Alikuja." Akaenda kukaza pini ya pazia.

Overby alikohoa. "Mkuu, niende Hvolby nikakiangalie kile kiberenge ili tumalize mashaka? Ngoja nimpigie mzee Skyum anifungulie banda." Na kabla Birthe hajaona hatari yake, sajini alikuwa ameshainua simu ya ukutani, anazungusha namba. "Mzee Skyum? Mads hapa. Tuko kwa Dagny Krogh, tunazungumza kidogo... Ndiyo, juu ya mwalimu... Naja hapo, tafadhali nifungulie banda. Asante, mzee wangu."

Kikombe kilidondoka, kikapasuka sakafuni. Dagny alikuwa amesimama amebana mgongo ukutani, uso mweupe kama karatasi.

"Sasa anajua," alinong'ona. "Mmemwambia mko kwangu."

Overby alimtazama huyu, akamtazama yule, akiwa hajui amekosa wapi. Birthe alimwahi: "Nenda Hvolby upesi. Usimguse mtu. Tazama banda, kisha nipigie simu hapa. Mimi nabaki."

Gari liliondoka. Taa zake zilipotea kabla halijafika kwenye kona. Ndipo Birthe alipokumbuka kwamba mkoba wake, wenye bastola, ulikuwa kiti cha nyuma.

Alirudisha makomeo na mnyororo, akavuta kiti karibu na Dagny.

"Nieleze. Hakuna wa kutusikia."

"Nimenyamaza miaka arobaini, mwanangu. Nilimwambia mtu mmoja tu, naye mmemkuta chini ya jukwaa."

"Hukumuua wewe. Unayemwogopa ndiye aliyemuua. Mtaje."

Dagny alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Nyumba zote za reli zilikuwa na waya mmoja wa simu. Stesheni, geti, Ravnkær, wote waya mmoja. Simu ikilia kwa jirani na kwako unasikia. Tulikatazwa kusikiliza. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa na mchumba, na mchumba wangu alikuwa mmoja wa wale vijana watatu. Jioni ile nilijua wamepanda treni ya mizigo, wamefichwa nyuma ya nguruwe. Simu ikalia. Nikadhani ni habari zake. Nikainua. Nikasikia: 'Imeondoka. Behewa la tatu, nyuma ya nguruwe.' Halafu Mjerumani akashukuru."

"Sauti ya nani?"

"Ile sauti nilikuwa naisikia kila siku ya Mungu. Ndiyo iliyotutangazia treni asubuhi, mchana na jioni. Thorvald Skyum."

"Ukafanya nini?"

"Nilirudisha simu. Nilikimbia nje, nikaona taa za treni zimeshapita. Pale Ravnkær, Wajerumani walikwenda moja kwa moja kwenye behewa la tatu. Siku iliyofuata watu wakasema ni baba yangu. Eti alimulika taa getini kuwapa ishara. Baba yangu, Jeppe Krogh, ambaye kazi yake ilikuwa kumulika taa! Walimtemea mate kanisani. Wiki chache baadaye tulimkuta relini, kichwa kimepondwa. Watu wakasema haki imetendeka. Nani angenisikiliza? Na Skyum alikuja mazishini. Alinishika mkono. Nikaelewa kwamba nikitamka neno, nitamfuata baba."

Simu ililia. Wote wawili waliruka. Birthe alipoinua, sauti ya Overby ilikuwa imekauka.

"Mkuu. Niko bandani, kuna simu hapa ukutani. Mlango niliukuta wazi. Skyum hayupo. Sakafu imemwagiwa unga wa mbao, nimeufagia kwa kiatu, chini yake kuna damu."

"Na kiberenge?"

"Hakipo."

Birthe aligeukia dirisha lenye pazia la pini. "Overby, rudi. Rudi sasa hivi."

"Sioni hata pua ya gari, mkuu, lakini naja."

Aliikata simu. Alipima kama watoke nje: mashamba matupu, mitaro iliyojaa maji, mwanamke asiyeweza kukimbia, na mtu anayeijua ardhi ile akiwa amefumba macho. Hapana. Ndani palikuwa afadhali. Alichukua chuma cha kuchochea moto jikoni. Kilikuwa chepesi mno.

Ndipo vikombe vilipoanza kulia.

Vilitikisika taratibu kwenye rafu, kimoja kikigongana na kingine. Kisha sakafu. Kisha sauti yenyewe ikaja kutoka Hvolby, mlio wa chuma juu ya chuma usio na haraka, ukikoma kidogo kila mpini wa kiberenge uliposukumwa chini. Dagny alishika mkono wa Birthe kwa nguvu hata kucha zikazama. Birthe hakumzuia, maana na yeye alikuwa na haja ya kushikwa.

Mlio ulisimama mbele ya nyumba.

Safari hii mtu aliteremka. Kokoto zilisagika. Hatua zilizunguka nyumba bila pupa, zikafika mlangoni. Kitasa kikazunguka, kikarudi.

"Dagny." Ilikuwa sauti ya kizee, nzuri, yenye adabu. "Ni mimi, Thorvald. Nimeliona gari la polisi likipita kwenda kwangu. Wote wamekwenda, eh? Nifungulie tunywe kahawa."

Birthe alimwekea Dagny kidole mdomoni, kisha akamwashiria: mjibu.

"Kahawa imekwisha," alisema Dagny. Sauti yake ilitoka kama ya mtoto.

"Mimi si mtu wa kukutisha, Dagny. Nimekaa nje ya dirisha lako jioni ngapi, nimekugusa? Nilikuwa nafikiri tu. Mwalimu alikuja akaniuliza juu ya behewa la tatu. Nikajiuliza, behewa la tatu amelitoa wapi? Halimo kwenye kumbukumbu yoyote. Wenye kulijua walikufa." Kitu kizito cha chuma kiliegemea mlango. "Nilimwomba Bundgaard kwa adabu, palepale bandani. Nikamwambia, andika habari za nguruwe na maziwa, watu watafurahi. Hakunielewa. Wewe una akili kumshinda. Siku zote umekuwa na akili."

Birthe alikuwa amesikia ya kutosha kumfunga. Alikuwa pia amesikia uzito wa kile chuma. Alitazama mnyororo, akatazama chuma chake chembamba. Mlango ulipigwa mara moja, na komeo la juu likaruka na misumari yake.

"Thorvald Skyum!" Birthe alipaza sauti. "Mimi ni inspekta wa polisi. Weka chini ulichoshika, rudi nyuma!"

Hatua moja ilirudi nyuma kokotoni. Kisha pigo la pili. Mbao zilipasuka, mnyororo ukakatika, na mzee akasimama kizingitini, mrefu kuliko Birthe alivyomfikiria, koti la reli la zamani limemkaa vizuri, mikononi spana ndefu ya kukazia boliti za mataruma. Macho yake yalimpita Birthe kama kiti kilichowekwa njiani.

"Kwa hiyo mko wawili," alisema kwa masikitiko. "Hili sikulitaka."

Aliinua spana. Birthe alirudi nyuma akagonga meza, akapandisha mkono akijua kwamba utavunjika.

"Imeondoka," Dagny alisema. "Behewa la tatu, nyuma ya nguruwe."

Hakupiga kelele. Aliyasema kama yanavyosemwa simuni, kwa lafudhi ileile, akitua palepale katikati. Spana ilibaki hewani.

"Baba yako alikuambia hayo," alisema Skyum.

"Baba hakuniambia kitu. Baba hakujua kitu. Alikuwa nje getini na taa yake. Ni mimi niliyeinua simu."

"Muongo." Lakini mkono ulikuwa umeanza kushuka. "Nilisikia simu ya getini ikirudishwa. Nilijua kuna mtu hapa amesikia. Nilimfuata Jeppe kule relini nikamwuliza uso kwa uso. Nikamwambia, Jeppe, jioni ile nani aliinua simu nyumbani kwako?"

Dagny alimwacha Birthe, akasogea mbele. Alishika ukingo wa meza ili asianguke, ila alisogea.

"Akajibu nini?"

Mzee alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Alisema ni yeye. Alisema simu ile haguswi na mwingine yeyote. Binti yangu, alisema, huogopa hata kuisogelea."

Spana ilimponyoka, ikaanguka na kutoboa ubao wa sakafu. Birthe aliipiga teke mpaka chini ya jiko, akamshika Skyum kifundo cha mkono na kukipinda nyuma ya mgongo. Hakupinga. Nje mwanga wa manjano ulikuwa ukiyumba ukunguni, breki zikalia, na Overby akaingia mbio, ameshika pingu, anatweta, machozi yanamchuruzika kwa kumwona mzee wake.

Dagny alikuwa ameshafika mbele ya mzee yule, karibu kiasi cha kumgusa.

"Akasema nini tena?"

Skyum alitazama chini.

"Nakuuliza, Thorvald. Baba yangu alisema nini tena?"

Overby alisogea na pingu, lakini Birthe, bila kumwachia mfungwa wake, alimkatalia kwa kichwa. Sajini akabaki mlangoni.

"Hakusema kingine," alijibu mzee hatimaye. "Aliweka taa chini, mbali na miguu yetu, isije ikavunjika. Akavua kofia."

Dagny alikaa chini palepale, katikati ya vipande vya kikombe, akaanza kumlilia baba yake.